Presha Haipigi Hodi: Kuulinda Moyo Kabla Haujauma

[Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI:   Leo tunazungumza na watu wa Luzira. Ninyi mnaoteremka alfajiri kwenda Port Bell kupokea samaki, ninyi wa nyumba za askari magereza, ninyi wa vyumba vya kupanga Kitintale na Mutungo, na ninyi mliotoka Kivu na Ituri mkaweka makazi yenu hapa Kampala. Habari yetu ni moyo. Si moyo wa mapenzi, ni ule wa nyama, wenye ukubwa wa ngumi yako, unaopiga kama mara 100,000 kwa siku bila kuomba likizo.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Uganda na Shirika la Afya Duniani walifanya uchunguzi nchi nzima, wakawapima watu wazima wa miaka 18 hadi 69. Walikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya kupanda. Hilo ni zito, lakini zito zaidi ni hili: kati ya wale waliokutwa na presha, hata mmoja kati ya kumi hakufika aliyekuwa akijua kwamba anayo. Wengine wote walikuwa wakiendesha boda, wakichoma mahindi, wakilea wajukuu, na presha wanatembea nayo kama abiria asiyelipa nauli.

Kwa nini hawakujua? Kwa sababu presha haipigi hodi. Malaria hukutetemesha. Jino likioza halikupi usingizi. Presha inaweza kukaa mwilini miaka kumi na mwenyewe unakula, unacheka, unapanda mlima wa Mutungo bila shida. Wengi husema, "Mimi presha sina, kichwa hakiniumi." Msikilizaji, watu wengi wenye presha ya juu kichwa hakiwaumi hata siku moja. Na wengi ambao kichwa kinawauma, presha yao ni ya kawaida. Kichwa si kipimo.

Tuelewe kinachotokea ndani. Fikiria mpira wa kumwagilia maji. Ukifungua bomba kidogo, maji yanapita na mpira unabaki laini. Ukilifungua bomba lote kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpira unaanza kukakamaa, unapasuka nyuzi kwa ndani, uchafu unanasa kwenye hizo nyufa, na siku moja unaziba au unapasuka. Mishipa ya damu ni hivyo. Ukizibika mshipa unaolisha moyo wenyewe, huo ni mshtuko wa moyo. Ukizibika au kupasuka ule wa ubongo, hicho ni kiharusi. Figo nazo, ambazo ni chujio la mishipa myembamba sana, huchakaa pole pole hadi zinashindwa kusafisha damu. Na moyo, kwa kusukuma damu dhidi ya mpira uliokakamaa, hunenepa misuli kama mbeba mizigo wa sokoni, kisha huchoka. Hapo ndipo miguu inavimba na mtu anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa matajiri, au ni ugonjwa wa mawazo mengi. Mawazo yanachangia, hatukatai. Aliyekimbia vita akiwa na watoto watatu mgongoni na mkononi ana haki ya kuwa na mawazo. Lakini ukisema presha ni mawazo tu, utangoja mawazo yaishe ndipo upone, na mawazo ya mjini hayaishi. Umri unachangia. Kurithi kunachangia. Chumvi, unene wa tumbo, pombe, sigara na kukaa bila kutembea vinachangia. Umri na wazazi huwezi kuvibadilisha. Hivyo vingine vina mlango.

[Muziki mfupi.]

Mlango wa kwanza ni kupimwa, na kupimwa vizuri. Tangu mwaka 2001 vituo vya afya vya serikali nchini Uganda havipaswi kumtoza mgonjwa ada ya huduma. Kwa watu wa Luzira, kituo cha jiji kilicho jirani ni kile cha Kiswa, pale Bugolobi. Na kwako uliye mkimbizi: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakulinda, na vituo vya serikali vinakuhudumia kama vinavyomhudumia raia. Usibaki nyumbani kwa kudhani kwamba mlango ule si wako.

Sasa, kipimo chenyewe. Mtu ametoka Port Bell mbio, amepanda ngazi, ameketi, na papo hapo mkanda umefungwa mkononi huku anasimulia habari za foleni. Namba itakayotoka hapo ni ya mbio na ya maneno, si ya presha yake. Ukifika, kaa dakika tano kwanza. Egemea kiti, miguu yote miwili sakafuni, usiikunje. Kama unabanwa na mkojo, nenda kwanza. Nusu saa kabla ya hapo usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta, mkono ukiwa umewekwa mezani usawa wa moyo. Na nyamaza. Kuongea peke yake kunapandisha namba. Ukiona mhudumu ana haraka, unaweza kumwambia kwa adabu, "Musawo, naomba nipumzike kidogo kwanza." Si utovu wa heshima. Ni mkono wako na ni damu yako.

Utapewa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika. Zikiwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, na zikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kupanda. Kipimo kimoja cha juu hakikuhukumu, kinakuita urudi. Ila ukikuta 180 au zaidi kwa juu, au 110 au zaidi kwa chini, usisubiri wiki nyingine. Ongea na daktari siku hiyo hiyo.

Ukiwa umekwenda kupimwa presha, omba pia wakupime sukari. Kisukari na presha ni mashoga, hutembea pamoja, na mtu mwenye vyote viwili mishipa yake huchakaa mara mbili. Na kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine wala musawo. Chukua kamba. Jipime urefu kutoka kisigino hadi utosini, ukate. Ikunje kamba hiyo katikati mara moja, kisha izungushe kiunoni mwako, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayousumbua moyo kuliko ya makalio. Najua kwetu kitambi kilikuwa alama ya kwamba mtu anakula kwake na mambo yake ni mazuri. Mishipa haijui heshima hiyo.

[Muziki mfupi.]

Tuje jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Kwa siku nzima, kwa kila kitu: chai ya chumvi, maharage, mchuzi, rolex ya barabarani, chipsi. Ndugu zetu wa Kongo, tuzungumze kuhusu makayabu. Samaki yule ni mtamu na anakumbusha nyumbani, lakini amehifadhiwa kwa chumvi hadi nyama yake imekuwa chumvi. Kama huwezi kumwacha, mloweke usiku kucha, mwaga maji, mloweke tena, mwaga, kisha mpike bila kuongeza hata punje. Wanaotia magadi kwenye maharage ili yaive haraka, jueni kwamba magadi nayo yana sodiamu ile ile iliyo kwenye chumvi. Maharage yakilowekwa tangu jioni huiva bila magadi. Vipande vya viungo vya mchuzi vinavyouzwa dukani navyo vimejaa chumvi. Ukitia viungo hivyo, usitie chumvi tena.

Na swali tunaloulizwa mara nyingi: je, chumvi ya mawe ya Katwe ni salama kuliko ya pakiti? Chumvi ni chumvi. Ile ya pakiti ina madini joto yanayowasaidia watoto na wajawazito, basi tumia hiyo, ila kidogo. Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Ulimi utalalamika wiki mbili tatu, kisha utazoea, na siku ukila kwa jirani utaona chakula chake kimezidi chumvi.

Kuhusu katunkuma. Kampala nzima inaamini kwamba vile vibilinganya vichungu vinashusha presha. Ni mboga nzuri, kula. Kula na nakati, kula na dodo, kula na sombe, ila mawese usiyamwage kama maji. Kosa ni pale mtu anapoacha vidonge kwa sababu ana katunkuma kwenye sufuria. Mboga ni mboga, dawa ni dawa. Samaki mnao hapo hapo ziwani, na mukene ni chakula cha moyo kuliko nyama ya kuchoma yenye mafuta. Tatizo ni kikaangio. Mafuta yaliyokaangiwa chipsi tangu Jumatatu hadi Ijumaa yamekwisha kugeuka, yakwepe.

Kutembea hatuna haja ya kusema sana. Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa kufanya upumue haraka lakini bado uweze kuongea. Anayebeba madumu ya maji au kusukuma mkokoteni amekwisha kutimiza. Tunamsema anayekaa dukani kutwa, na mwendesha boda anayedhani kwamba kukaa juu ya pikipiki ni mazoezi. Shuka Kitintale, malizia njia kwa miguu.

Sigara: iache, na usingoje mwaka mpya. Baada ya mwaka mmoja bila sigara, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoongezwa na sigara hupungua kwa karibu nusu. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuvuta mahali pa umma, na ndani ya mita 50 kutoka hapo, na imeipiga marufuku shisha kabisa. Basi jirani akikuomba usivutie karibu na dirisha lake, hajakuonea. Pombe nayo, iwe bia ya kiwandani, malwa ya mrija au waragi, hupandisha presha kadiri inavyoongezeka. Mnaishi karibu na kiwanda cha bia, hilo tunalijua. Harufu yake haipandishi presha, chupa ya tano ndiyo inayoipandisha.

[Muziki mfupi.]

Sasa tufike palipo na shida kubwa zaidi, nako ni kwenye vidonge. Tuchukue mfano. Mama anauza samaki. Amepimwa, presha 170 juu ya 100. Amepewa dawa ya mwezi mmoja. Anarudi baada ya miezi minne.

"Mama, mbona umepotea?"

"Musawo, nilipona. Nilipima kwa duka la dawa, ikawa 130. Nikaacha."

"Ilishuka kwa sababu ulikuwa unameza, mama."

"Sasa nitameza hadi lini? Hadi nife?"

"Hadi uzeeke, mama, wajukuu wakuone."

Swali la mama ni la haki, na wahudumu wengi hawalijibu vizuri siku ya kwanza. Presha ikishuka kwa dawa, imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiondoa mkono kwenye boya ulilolizamisha majini, linaibuka tena. Wapo wachache ambao, kwa kupunguza uzito na chumvi, daktari huwapunguzia dozi, hata kuwaachisha. Lakini hilo hufanywa na daktari akiwa na vipimo, si na mgonjwa akiwa na furaha.

Wengine huacha kwa sababu dawa imewatesa. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Kaptopri inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Dawa za kutoa maji hukupeleka chooni mara kwa mara, na mtu anayeuza barabarani choo chake kiko wapi? Hizi si sababu za kuacha matibabu, ni sababu za kurudi na kusema. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na moja ikikukataa kuna nyingine. Mama mjamzito, au anayetarajia mimba, aseme mapema, kwa kuwa kaptopri na ndugu zake hazifai kwa mtoto tumboni.

Halafu kuna siku ambayo unafika dirishani na unaambiwa dawa imekwisha. Hilo linatokea, na kujifanya halitokei ni kukudanganya. Siku hiyo usigeuke tu uondoke. Uliza, "Kuna nyingine inayofanya kazi kama hii?" Uliza kituo gani kingine kinayo. Omba uandikiwe jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, kwa sababu ile yenye jina la kampuni mara nyingi bei yake ni kubwa na kazi ni ile ile. Usigawane vidonge na jirani, na usimeze siku moja na kuruka siku moja ili vifike mwisho wa mwezi bila kumwuliza musawo. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH wa Eldoret ulianzisha maduka ya dawa ya mfuko wa mzunguko: duka la serikali likiishiwa, mgonjwa ananunua pale kwa bei nafuu, na fedha ile inarudi kununua dawa nyingine. Vikundi vya kuweka akiba vya Luzira vingeweza kulifikiria jambo hilo. Mnachangia misiba. Mnaweza kuchangia amlodipini.

Jambo moja linalosahaulika: dawa za maumivu. Mgongo ukiuma, mtu anakwenda duka la dawa na kununua diklofenaki au ibuprofeni, anameza wiki mbili. Dawa hizo huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na kuumiza figo. Ukiwa na presha, mwambie muuzaji kabla hajakupa. Panado kwa kipimo chake ni afadhali.

Wapo wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mwanamke aliyepata presha akiwa mjamzito, hata kama ilishuka baada ya kujifungua, hatari yake ya miaka ya mbele ni kubwa kuliko ya wenzake. Apimwe kila mwaka. Anayeishi na virusi vya ukimwi naye hatari yake ya moyo ni kubwa zaidi. Ukienda kuchukua dawa zako za ARV, omba mkanda wa presha siku hiyo hiyo, uokoe nauli. Na kama una ndugu aliye gerezani hapo Luzira ambaye alikuwa na presha kabla hajafungwa, siku ya kumtembelea beba jina la dawa yake na karatasi za kliniki, uwaonyeshe wahudumu. Magereza yana Hospitali ya Murchison Bay. Akitoka, aombe karatasi za matibabu yake kabla hajavuka lango, maana nje ataanza upya kwa mtu asiyemjua.

Watoto pia, ingawa kwao adui ni mwingine. Koo linalouma kwa homa, lisipotibiwa, linaweza kwa watoto wengine kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huacha kovu kwenye vali za moyo. Hapa Uganda kulifanyika kazi ambayo ulimwengu umeisoma. Watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, pamoja na wenzao wa nje, waliwafuatilia huko Gulu watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huo, zinazoonekana kwa mashine tu. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka miwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3; wasiochomwa, kwa 33. Kwa hiyo mtoto akiandikiwa sindano ya kila mwezi, usimruhusu akuambie "leo sijisikii kuumwa." Hajisikii kwa sababu anachomwa. Na koo la mtoto lenye homa si la kutibiwa kwa chumvi na ndimu pekee.

[Muziki mfupi.]

Zipo dalili ambazo ukiziona, kipindi kimekwisha, ondoka. Uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno yanatoka yamevurugika: hicho ni kiharusi, hata kama dalili zimepita baada ya dakika kumi. Kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, jasho la baridi: huo unaweza kuwa moyo. Wengi hapa hufa wakidhani ni alsa na kunywa maziwa. Mtu huyo asitembee, asiendeshe mwenyewe, apelekwe hospitali kubwa mara moja. Usimpe vidonge vya presha vya mtu mwingine ili ishuke haraka. Kushuka ghafla kunaweza kuuzidisha ugonjwa wa ubongo.

Wewe unayesoma, kabla hujakunja karatasi hii, tafuta daftari la shule, lile lile la kurasa chache ambalo kliniki zetu hukuambia uje nalo. Ukurasa wa kwanza andika jina na mwaka wa kuzaliwa, dawa zote unazomeza pamoja na zile za mitishamba, na nani katika ukoo wenu alipata kiharusi au kufa ghafla. Ukurasa wa pili chora mistari minne: tarehe, presha, sukari, uzito. Kila ukipimwa, hata kama ni chini ya mwavuli barabarani, mwambie aliyekupima aandike mwenyewe. Daktari atakayekuona mwaka ujao huenda asiwe yule wa mwaka huu. Mfuko wa plastiki utalikinga daftari na mvua.

[Muziki wa kufungia.]